Nje ni Kwa Mtu

Ukialikwa kwenye nyumba mpya hapa Dar es Salaam, mwenyeji lazima akutembeze. Utaonyeshwa sebule, jiko lenye makabati ya ukutani, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, chumba cha wageni na choo chake. Hakuna atakayekupeleka nyuma ya nyumba akuonyeshe mtaro wa maji ya mvua. Mara nyingi hata haupo. Sisi tunajenga kwa awamu: kiwanja, msingi, boma, bati, milango na madirisha, kisha tunahamia plasta ikiwa nusu, tukikimbia kodi. Mtaro unasubiri zamu yake nyuma ya uzio, geti na pevingi. Wengi huukumbuka masika ya kwanza yakishawatia adabu.

Wa kwangu, Tabata, ulijengwa kwa utaratibu huohuo na mwaka huu umevunjika. Kuutengeneza kumenipa la kutafakari ambalo sebule haijawahi kunipa. Karibu kila sehemu ya nyumba ipo kwa ajili ya aliyemo ndani. Ukuta unamkinga, bati linamfunika, mlango unamfungia. Mtaro peke yake hauishii kwake. Umejengwa kwa fedha yake, uko ndani ya mipaka ya kiwanja chake, lakini kazi yake yote ni kupeleka kitu kwa mtu mwingine.

Na kinachopelekwa si kidogo. Mvua tunaidharau kwa sababu inashuka kwa matone. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, paa lake likifunika mita 12 kwa 10, ina mita za mraba 120 za kupokea mvua. Ikinyesha milimita 50, jambo ambalo masika ya hapa hulifanya kwa mchana mmoja bila mtu kushangaa, paa hilo limeshusha lita 6,000. Bati halinywi maji, kwa hiyo karibu zote zinafika chini. Hizo ni tani sita, na zinapita pembeni ya jiko lako ukiwa unachemsha chai. Kwa mwaka mzima jiji hili hupata wastani wa milimita 1,000 na ushei, nyingi zikija kati ya Machi na Mei, nyingine wakati wa vuli. Paa moja, basi, linamwaga lita zaidi ya 120,000 kwa mwaka. Ni sawa na maboza 12 ya lita 10,000 kila moja, tena kwenye mitaa ambayo kiangazi kikikaza tunapigiana simu kuulizana nani ana namba ya mwenye boza.

Tani hizo ndizo zilizouvunja mtaro wangu, ingawa si kwa namna niliyodhani nikiutazama kwa juu. Juu ulionekana una ufa tu, na kipande kimoja kimezama kidogo kama jino lililolegea. Fundi hakuinama kuutazama ufa. Aligeuza nyundo, akaanza kugonga zege kwa mpini, akitembea polepole kutoka upande wa jiko kuelekea ukutani. Penye ardhi ngumu chini yake, mlio ulikuwa mfupi, wa kukata. Alipokaribia kile kipande, mlio ukafunguka, ukawa mzito na wenye mwangwi.

“Mzee, huu haujapasuka,” akasema. “Huu umekosa chini.”

Alipoliingiza tindo na kipande kikanyanyuka, tuliona maana ya maneno yake. Chini ya zege palikuwa na pango ambalo mkono uliingia hadi kwenye kiwiko. Mizizi myembamba ya mwarobaini ilining'inia kutoka kwenye dari ya pango hilo, imeoshwa ikawa myeupe. Sakafuni palikuwa na mchanga safi uliochekechwa, umelala kwa mteremko laini usio na kibonde hata kimoja. Chini ya mtaro wetu kulikuwa na mtaro mwingine ambao maji yalijichimbia yenyewe, na kusema kweli ule wa maji ulikuwa umepimwa vizuri kuliko wetu.

Mambo huenda hivi. Mtaro wa zege hujengwa kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna kiungo. Ardhi inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, mzizi unasukuma, kiungo kinafunguka kiasi cha kupitisha unywele. Maji yanaingia pale, na yakiingia hayatoki mikono mitupu. Yanatoka na punje za mchanga, chache kila mvua, hasa kwenye udongo wa kichanga kama wetu. Zege lisilo na nondo ni jasiri likiegemea ardhi. Lori linaweza kupita juu yake. Likining'inia hewani halina ujasiri wowote. Siku moja anapita mtoto na ndoo, linakatika, na watu wanamlaumu mtoto.

Juu ya ufa wetu palikuwa na matabaka ya niru, moja juu ya jingine, kila moja la msimu wake. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na kwa ukuta ni kweli tupu. Kwa mtaro inahitaji nyongeza. Niru ikipakwa juu ya ufa huku chini kuna pango, haizuii kitu. Inayafichia maji njia yao, nayo yanaendelea na kazi bila kuonekana. Mtaro wenye ufa wa wazi angalau unasema ukweli.

Basi ukarabati ukaanza kwa kubomoa zaidi, jambo linalouma mfukoni na machoni. Fundi alivunja hata vipande vilivyokuwa vizima kwa nje, akafuata mlio wa mwangwi hadi ukaisha. Saidia fundi akachimba mpaka akagota udongo ambao sururu iliuuliza mara mbili kabla haujakubali. Shimo likajazwa tena kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Nilitaka wamwage udongo wote kwa mara moja tuokoe muda. Fundi akanijibu bila kuinua kichwa kwamba udongo uliomwagwa kwa mara moja hushindiliwa juu tu, na wa chini unabaki umelala usingizi ukisubiri mvua iuamshe.

Kisha akatoa mpira wa maji. Kila mtu aliyewahi kujenga anaujua: bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, limejazwa maji, mtu mmoja ameshika ncha huku na mwingine ameshika ncha kule. Viputo vya hewa vikishatolewa vyote, maji katika ncha mbili hukaa usawa mmoja, hata kama katikati bomba limezunguka kona ya nyumba na kupita juu ya rundo la kokoto. Ni kifaa cha bei ya soda chache na hakina betri. Kinachonipendeza ni kwamba anayepima njia ya maji ni maji yenyewe. Jicho lingenidanganya, maana uwanja wangu unaonekana umeinamia geti, na kumbe umeinamia kona ya nyuma.

Nilitegemea kazi ingeanzia pale bomba la gata linaposhukia, karibu na jiko. Fundi akabeba uzi wake mpaka mwisho kabisa, kwenye tundu la ukuta wa uzio, akapigilia kigingi cha kwanza pale.

“Huanzii huku?” nikamuuliza.

“Hapana mzee. Mtaro unaanzia unakoishia.”

Ni kanuni ya ufundi kabla ya kuwa hekima. Mahali pa kutokea maji hapabadiliki: ni usawa wa uchochoro ulio nje, na huwezi kuuteremsha kwa kutaka kwako. Ukianzia juu kwa mteremko unaoupenda, unaweza kufika ukutani ukajikuta uko chini kuliko tundu, na maji yatasimama humo yazae mbu. Kwa hiyo unaanzia pa mwisho, unapanda kuelekea nyumbani, sentimita moja kwa kila mita. Ukilaza zaidi ya hapo, mchanga na majani yanatua njiani. Ukiinamisha mno, maji yanakimbia, yanakwangua zege na kuchimba shimo pale yanapoangukia. Fundi alikiviringisha kitako cha mtaro kwa kipande cha bomba, kisiwe bapa. Mtaro wenye kitako bapa unapopata maji machache huyatandaza na kuyachosha. Wa mviringo huyakusanya yakabaki na nguvu ya kubeba uchafu wao.

Zege likamwagwa, niru ikapigwa, magunia yaliyoloweshwa yakatandikwa juu. Majirani hudhani magunia ni ya kuzuia kuku. Zege halikomai kwa kukauka. Simenti inahitaji maji ili ishikane, na ikinyimwa katika siku saba za mwanzo inabaki dhaifu maisha yake yote. Mtaro, kabla ya kuanza kusafirisha maji, unapaswa kunywa ya kwake kwanza.

Hapo ndipo alipokuja mama anayeishi bondeni, nyumba ya pili kutoka ukuta wangu. Alikuwa amesikia nyundo. Mlangoni kwake viroba vya mchanga vimepangwa mwaka mzima, kiangazi na masika, mpaka vimeota majani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Naona mnautengeneza.”

“Ndiyo, mama. Tumeupata ugonjwa wake.”

“Hongereni. Ila huo wenu ukipona, mimi ndiyo nitaugua.”

Hakusema kwa hasira, na hakuwa akilalamika. Alikuwa anaeleza mwendo wa maji kwa usahihi ambao mhandisi angehitaji ubao na chaki kuufikia. Mtaro mbovu ulikuwa ukimeza sehemu ya mvua yangu chini ya uwanja wangu. Hasara ilikuwa yangu, naye alipata nafuu bila mtu kupanga. Mtaro mzima, laini, wenye mteremko wa fundi, ungeyachukua yale maji yote na kuyafikisha kwake mapema zaidi na kwa wakati mmoja. Kadiri ukarabati ulivyonifaa mimi, ndivyo ulivyomwelemea yeye. Na tulikuwa tumeujenga kwa ustadi, jambo ambalo kwa upande wake lilikuwa baya zaidi.

Hili la mama na mimi ndilo jiji lote kwa kipimo kidogo. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita kando ya mitaa yetu, unashuka Kigogo na Jangwani, unaingia baharini kwenye daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuwahamishia wengi wa bondeni Mabwepande, tuliyaita mafuriko ya Jangwani. Jina hilo linatuliwaza sisi wa juu, kana kwamba Jangwani ndiko yalikotengenezwa. Maji yale yalitoka kwenye mapaa, barabara na viwanja vya kila mtaa ulioinamia bonde lile. Zamani sehemu kubwa ya miinuko hii ilikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe, na ardhi ya shamba hunywa kabla ya kutema. Tumeiezeka bati. Kiwanja kilichobaki tumekitandika pevingi ili gari lisichafuke. Kila tulipojipatia uwanja usio na tope, tumemwongezea mtu wa chini kina cha maji sebuleni.

Najua jibu linalokuja haraka: serikali ijenge mitaro. Ni jibu la haki na lisiachwe kudaiwa. Mradi wa Bonde la Msimbazi ulipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, na nyumba nyingi za bondeni zimelipwa fidia na kubomolewa kupisha mto. Lakini hakuna mradi utakaoingia uani kwangu kuamua paa langu limwage wapi. Tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, wakati kipindupindu kilichoanza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo kikiwa bado kinaua, tulitoka na majembe tukazoa tope mitaroni. Tope tukalirundika ukingoni, pembeni ya mtaro uleule. Hiyo ndiyo desturi yetu mpaka leo, na mvua inayofuata hulirudisha lilikotoka. Tulilitoa kwenye mtaro wetu. Lilikokwenda baada ya hapo halikuwa swali letu.

Kuna ubaya zaidi ya huo, na tunaujua ingawa hatuuzungumzi mezani. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo. Wanasubiri maji yajae uchochoroni, wanafungulia shimo, na mto unabeba. Anayefanya hivyo si mnyama. Ni mtu mwenye choo kilichojaa, asiye na fedha ya gari la majitaka, na nje yake ina mkondo unaopita bure. Neno linalomruhusu ni lile nililokuwa nalitumia mimi na mtaro wangu: nje. Maji yaende nje. Uchafu uende nje. Nje ikishapatikana, kazi imekwisha.

Kwa hiyo, baada ya maneno ya mama, nilizungumza na fundi, tukabadilisha mpango. Nusu ya gata ikaelekezwa kwenye tanki. Watu wa pwani hawakuanza jana kukinga maji. Ndani ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, lipo birika la maji ya mvua, na bibi zetu walipanga ndoo na mapipa chini ya paa wingu likianza tu kujikunja. Tanki lakini si muujiza. La lita 5,000, likipokea mita za mraba 60 za paa, linajaa kwa mvua ya milimita 83 hivi, na likijaa linamwaga kama hapakuwa na tanki. Faida yake kwa mama wa bondeni inakuja tu nikiyatumia maji yale kufua na kumwagilia, mvua inayofuata ikute nafasi. Nusu nyingine ya gata inaingia kwanza kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba, ardhi inywe inachoweza. Kinachozidi ndicho kinachopita mtaroni. Shimo la namna hii linafaa kwenye mchanga wetu. Anayeishi penye maji ya ardhini yaliyo juu asihangaike nalo, maana litajaa kutoka chini.

Ikabaki sehemu ngumu: mtaro wenyewe uvuke tundu la ukuta, uteremke na uchochoro, upite mlango wa mama bila maji kuingia kwake, ufike kwenye mtaro wa barabara. Tuliitana majirani, mjumbe akiwepo. Kila mtu alikubali kwamba mtaro ni muhimu mpaka tulipofika kwenye mchango. Mmoja akasema maji yake hayafiki huko. Mwingine akasema yeye ni mpangaji na mwenye nyumba yuko Mwanza. Wa tatu akauliza kwa nini anayesumbuliwa na maji asigharimie yeye, na hapo mama wa viroba akamtazama bila kusema neno, akainama kuifunga vizuri kanga yake. Tumekubaliana kwa shingo upande. Baadhi wametoa simenti, wengine nguvu, mmoja ametoa ahadi. Sehemu iliyo nje ya ukuta wangu imenigharimu zaidi ya iliyo ndani, na siku nikiuza nyumba hii hakuna mnunuzi atakayeihesabu.

Hata hivyo sidhani nimetoa sadaka. Yale maji ni yangu. Yameangukia paa langu, yamekusanywa na gata langu, yameongezewa kasi na mtaro wangu. Ningekuwa nafuga ng'ombe akala mahindi ya jirani, mjumbe asingeuliza kwa nini jirani hakujenga uzio. Tani za maji zinatoka uani kwangu kwa mvua moja, zinavuka uzio, zinaingia kwa mtu, na bado tunamshangaa yeye kwa kuishi bondeni. Wakati huohuo wa juu yangu nao wana mapaa yao, na ukuta wangu wa nyuma una alama ya unyevu ambayo sikuiweka mimi. Kwa mtu fulani, mimi pia ni nje.

Basi nawe ukiita fundi wa mtaro, kabla hujauliza bei ya simenti na mifuko mingapi, muulize maji yataishia wapi. Akikujibu “nje”, hajakujibu bado. Mwambie mtoke wote wawili, mkapige hodi.